Ukikata Kilele, Makwapa Huamka: Sheria ya Mimea na Afya ya Mkulima wa Tumbaku

Nyuma ya jiko la kaya nyingi za wilaya za Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, huwapo tuta la mchicha. Jioni mama wa nyumba hushuka hapo, akachuma vilele vya mimea kwa ukucha wa kidole gumba, akayaacha mashina yamesimama na majani machache. Hana wasiwasi kwamba ameiua mboga yake. Baada ya siku chache, chini ya kila mahali alipokata, vichipukizi viwili au vitatu huwa vimetokeza, na tuta huwa limeshona kuliko lilivyokuwa. Mbali kidogo na hapo, katika shamba la tumbaku ya mvuke, familia ileile hufanya kitendo kilekile: hukata kilele cha mmea pale ua linapoanza kuchomoza. Huko nako vichipukizi hutokeza. Lakini huko havitakiwi. Wakulima huviita maotea, na ni lazima viondolewe kimoja kimoja, mmea hadi mmea, na baada ya juma moja viondolewe tena.

Kitendo ni kimoja na sheria ya mmea ni moja. Tofauti ni kwamba utomvu wa mchicha haumdhuru achumaye, ilhali ule wa tumbaku hubeba nikotini, sumu inayopenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Kazi ya kuondoa maotea hufanyika katikati ya masika, majani yakiwa yamelowa umande na mvua, na mara nyingi hufanywa na wanawake na vijana. Ili kuelewa kwa nini kazi hiyo haiishi kwa siku moja, na kwa nini huwa na madhara zaidi baada ya kilele kukatwa, hapana budi kwanza kuelewa jinsi ncha ya mmea na majani yake machanga yanavyoyatawala machipukizi ya pembeni.

Jicho lililolala kwapani mwa jani

Mtu akichunguza mahali kikonyo cha jani kinapoungana na shina, ataona katika pembe hiyo, yaani katika kwapa la jani, uvimbe mdogo kama punje ya mtama. Hilo ndilo jicho. Ndani yake mna tawi zima lililokunjwa: shina fupi mno, vijani visivyofunguka na ncha yake yenyewe ya kukua. Halina upungufu wa kiungo chochote. Likiruhusiwa, litarefuka na kuwa tawi lenye majani na maua kama shina mama. Katika mimea mingi, hata hivyo, macho hayo hulala kwa majuma, miezi au miaka, wakati ncha ya juu ikiendelea kupanda kuelekea mwanga. Wataalamu wa mimea huita hali hiyo utawala wa ncha.

Faida yake ni dhahiri. Mmea mchanga unaoshindania mwanga na magugu hauna ziada ya chakula ya kutawanya katika matawi kumi kwa wakati mmoja. Lakini macho yaliyolala ni akiba. Mbuzi akipita na kung'ata kilele, mmea haufi. Jicho lililo karibu na kidonda huamka na kushika nafasi ya kiongozi aliyeondoka. Mashamba ya chai ya Mufindi na Kericho yanategemea kanuni hiyohiyo. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti. Unapokatwa na kuchumwa majani mawili na chipukizi lake mara kwa mara, hubaki kichaka kifupi chenye maelfu ya ncha changa.

Kutoka mche wa nafaka hadi mkojo wa binadamu

Swali lililowasumbua wanasayansi lilikuwa rahisi kuuliza na gumu kujibu: ncha iliyo juu hulijulishaje jicho lililo chini kwamba wakati wake bado? Mimea haina mishipa ya fahamu. Dokezo la kwanza lilitoka Uingereza mwaka 1880, Charles Darwin na mwanawe Francis walipochapisha kitabu chao kuhusu mijongeo ya mimea. Walionyesha kwamba mche mchanga wa nyasi hujipinda kuelekea mwanga, lakini ncha yake ikifunikwa haujipindi, ingawa mahali panapojipinda ni chini ya ncha hiyo. Walihitimisha kwamba kuna athari fulani inayosafiri kutoka juu kwenda chini.

Mwaka 1926 Frits Went, kijana wa Kiholanzi mjini Utrecht, aliinasa athari hiyo. Alikata ncha za miche ya nafaka iitwayo oti, akazisimamisha juu ya vipande vya aga, jeli itokanayo na mwani, kisha akazitupa ncha na kuviweka vipande vile juu ya miche iliyokatwa vichwa. Miche ikakua kana kwamba ncha zimerudi. Kwa hiyo mjumbe hakuwa umeme wala roho ya mmea. Alikuwa kemikali inayoweza kuyeyuka na kuhama. Kemikali hiyo ikaitwa auksini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukua.

Utambuzi wake una sehemu inayowagusa matabibu moja kwa moja. Ncha za mimea zina auksini kidogo mno, hivyo wakemia walitafuta chanzo chenye wingi zaidi. Mwaka 1934 Fritz Kögl na wenzake, huko huko Utrecht, waliitenga kutoka katika mkojo wa binadamu. Ilikuwa asidi ya indoli asetiki, molekuli ndogo yenye asili moja na asidi amino iitwayo triptofani. Katika mwili wa mtu molekuli hiyo ni taka tu, nyingi ikiwa zao la vijidudu vya utumbo vinavyovunja triptofani ya chakula. Katika mmea ni amri.

Wakati huohuo, Kenneth Thimann na Folke Skoog, huko California, walifanya jaribio ambalo hadi leo wanafunzi wa biolojia hulirudia. Walikata vilele vya mimea ya maharage aina ya Vicia faba. Mimea iliyoachwa hivyo ilichipua pembeni. Mimea iliyowekewa auksini juu ya kidonda haikuchipua. Macho yake yaliendelea kulala kana kwamba kilele kingalipo. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1933 na 1934, yaliifanya auksini ionekane kuwa jibu kamili.

Majani machanga ndiyo yenye sauti

Hata kabla ya hapo, mtafiti wa Oxford, Robin Snow, alikuwa amegundua jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Alipoyaondoa majani machanga yaliyoizunguka ncha, uzuiaji ulipungua sana. Mwaka 1929 aliandika kwamba jani changa ndilo kiungo kinachozuia. Leo inajulikana kwamba majani yanayokunjuka huzalisha auksini kwa wingi, na kwamba kile ambacho mkulima hukiita kilele ni mkusanyiko wa ncha yenyewe pamoja na majani hayo. Ndiyo maana mtu anayebana ncha peke yake na kuyaacha majani machanga yote yaliyo chini yake hupata machipukizi pole pole kuliko yule aliyekata sehemu yote laini.

Majani huzuia machipukizi kwa njia nyingine pia, na hapo hata majani yaliyokomaa yanahusika. Jani la kijani hufyonza mwanga mwekundu kwa ajili ya kutengeneza chakula, lakini huuacha upite ule mwanga ulio pembezoni kabisa mwa wekundu, ambao jicho la mtu huuona kwa shida. Jicho la mmea lililo kivulini hupokea mchanganyiko huo uliopungukiwa na wekundu. Kipokezi kiitwacho fitokromu husoma tofauti hiyo na kuutafsiri kama habari kwamba kuna jirani juu, hivyo kuchipua kutakuwa hasara. Kwa sababu hiyo mimea iliyopandwa kwa msongamano hurefuka bila matawi, na ile iliyopewa nafasi hutanuka.

Binadamu naye amekuwa akiichezea sheria hii tangu zamani. Nyasi mwitu wa Mexico uitwao teosinte, ambao ndio mzazi wa mahindi, una matawi mengi. Wakulima wa kale walioanza kuufuga miaka ipatayo 9,000 iliyopita walichagua, bila kujua, mimea yenye jeni linaloyabana machipukizi kwa nguvu zaidi. Shina moja refu la mhindi linaloonekana leo kila shamba la Afrika Mashariki ni matokeo ya uteuzi huo.

Mjumbe asiyeingia nyumbani

Nadharia ya auksini peke yake ilikuwa na tatizo. Auksini husafiri kutoka juu kwenda chini ndani ya shina, ikipitishwa seli hadi seli na protini zilizokaa upande wa chini wa kila seli, kwa kasi ya takribani sentimita 1 kwa saa. Lakini haiingii ndani ya macho yanayolala. Inawezekanaje amri itiiwe na mtu ambaye hakuipokea?

Jibu limepatikana kidogo kidogo. Kwanza, kuna homoni nyingine, saitokinini, inayoyaamsha macho. Thimann na mwenzake Margaret Wickson walionyesha mwaka 1958 kwamba kinetini, mojawapo ya homoni za kundi hilo, huweza kuliamsha jicho la njegere ingawa auksini inalizuia. Auksini ipitapo shinani hupunguza utengenezaji wa saitokinini. Ikikoma, saitokinini hupanda.

Pili, kuna strigolaktoni. Historia ya kemikali hizi inawahusu wakulima wa Afrika Mashariki kwa uchungu wa pekee. Ziligunduliwa mwaka 1966 zikiwa zinavuja kutoka katika mizizi na kuziamsha mbegu za kiduha, gugu la maua ya kupendeza linalonyonya mizizi ya mahindi, mtama na ulezi. Mwaka 2005 ikadhihirika kwa nini mmea huzitoa hata kama zinamwita mwizi: huwaita pia kuvu rafiki wanaousaidia kupata fosforasi. Kisha mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwa pamoja kwamba strigolaktoni hizohizo, ndani ya mmea, huyanyamazisha machipukizi ya pembeni. Auksini huongeza utengenezaji wake. Hivyo auksini haina haja ya kuingia jichoni, huwatuma wengine.

Tatu, na hili ni la karibuni zaidi, kuna sukari. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha kwamba kilele cha njegere kikikatwa, macho yaliyo mbali huanza kukua mapema mno, kabla upungufu wa auksini haujawafikia. Kinachowafikia haraka ni sukari. Kilele na majani yake machanga hula chakula kingi kuliko yanavyotengeneza. Yakiondolewa, sukari iliyokuwa ikipanda kwao huelekea kwenye macho yaliyokuwa na njaa. Hapo jani huonekana katika sura zake mbili: likiwa changa huvuta chakula na kuyanyima macho, likikomaa ndilo linalowalisha.

Kwa tabibu, mpangilio huu hauna ugeni. Neno homoni lenyewe lilitoka katika tiba, lilipotumiwa na Ernest Starling mjini London mwaka 1905 kueleza wajumbe wa kemikali wanaosafiri katika damu. Anayejua jinsi tezi iliyo chini ya ubongo inavyoitawala tezi ya shingo kwa mbali, na jinsi kuondolewa kwa moja kunavyobadilisha kazi ya nyingine, ataelewa upesi kwamba kukata kilele cha mmea ni sawa na kuondoa tezi. Athari haziishii pale kisu kilipopita. Hufika hadi mizizini, na katika tumbaku ndiko hatari inakoanzia.

Kwa nini mkulima hukata kilele cha tumbaku

Mkulima wa tumbaku hauzi ua wala mbegu, huuza jani. Ua likiachwa, huvuta sukari na naitrojeni kutoka majanini, na majani hubaki membamba na mepesi. Kwa hiyo hukatwa linapochomoza. Chakula kilichokuwa kikielekea juu hubaki majanini, nayo hupanuka na kuwa mazito. Hadi hapo hesabu ni nzuri.

Lakini kilele kilipoondoka, auksini iliyokuwa ikishuka nayo iliondoka. Mambo mawili hufuata. La kwanza ni maotea. Macho yaliyo kwapani, hasa ya majani ya juu, huamka kwa pamoja na kuanza kula chakula kilekile ambacho mkulima alitaka kukihifadhi. Isitoshe, kwapa la jani la tumbaku huwa na macho ya akiba zaidi ya moja. Otea la kwanza linapovunjwa, la pili hushika zamu, na baada yake huenda la tatu. Ndiyo sababu mtu aliyelisafisha shamba leo hulikuta limechipua tena juma lijalo.

La pili halionekani kwa macho. Nikotini haitengenezwi katika jani, ingawa ndiko inakokusanyika. Hutengenezwa mizizini. Ray Dawson, mtafiti wa Marekani, alithibitisha hilo mapema katika miaka ya 1940 kwa kupandikiza. Kikonyo cha tumbaku kilichopandikizwa juu ya mzizi wa nyanya kilitoa majani yasiyo na nikotini, na kikonyo cha nyanya kilichopandikizwa juu ya mzizi wa tumbaku kilitoa majani ya nyanya yenye nikotini. Mizizi ndiyo kiwanda, na maji yanayopanda shinani ndiyo gari. Sasa, kilele kinapokatwa, mizizi hukua zaidi na kiwanda huongeza kazi. Majaribio yameonyesha kwamba auksini ikipakwa kwenye kidonda, ongezeko hilo hupungua. Kwa maneno mengine, ncha ileile iliyokuwa ikiyalaza macho ilikuwa pia ikiizuia mizizi isizalishe nikotini kupita kiasi.

Matokeo ya mambo hayo mawili yakiunganishwa ni haya: katika majuma yanayofuata ukataji wa kilele, majani huwa na nikotini nyingi kuliko wakati wowote uliotangulia, na ni katika majuma hayohayo mkulima hulazimika kurudi shambani mara kwa mara, kupenya kati ya mistari, kuinama kwapani mwa kila jani na kuvunja maotea kwa vidole.

Sumu inayopitia ngozini

Nikotini huyeyuka katika maji na pia katika mafuta. Sifa hizo mbili huipa uwezo wa kutoka jani hadi umande, na kutoka umande hadi ndani ya ngozi. Makadirio ya watafiti wa Marekani, yaliyonukuliwa sana, ni kwamba umande wa majani ya tumbaku unaweza kuwa na hadi miligramu 9 za nikotini katika kila mililita 100. Mvutaji wa sigara moja hufyonza takribani miligramu 1 tu. Shati la pamba lililolowa umande huo na kushikamana na mgongo kwa saa nne ni kama bendeji ya dawa iliyofungwa mwilini. Mikono nayo hujaa gundi ya majani inayogeuka nyeusi, na gundi hiyo huendelea kutoa nikotini hata baada ya kazi kwisha.

Ugonjwa unaotokana na hali hiyo ulielezwa na madaktari wa Florida mwaka 1970, na baadaye wa North Carolina, miongoni mwa wavunaji. Unajulikana kama ugonjwa wa tumbaku mbichi. Saa chache baada ya kazi, na wakati mwingine usiku mtu akiwa tayari kitandani, huanza kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kuumwa kichwa na udhaifu mkubwa wa mwili. Huweza kufuatana na jasho, mate mengi, tumbo kusokota na ngozi kupauka. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda au kushuka. Mara nyingi hali hupungua ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa nusu ya nikotini iliyo katika damu huondolewa kila baada ya saa mbili hivi. Lakini anayerudi shambani asubuhi inayofuata huanza upya. Wasiovuta tumbaku huumia zaidi, kwa kuwa miili yao haijaizoea nikotini. Hilo lisichukuliwe kuwa sababu ya kuvuta. Sigara si kinga, ni kuongeza sumu juu ya sumu.

Watoto wako katika hatari kubwa zaidi. Ngozi yao ni pana ikilinganishwa na uzito wao, na kichwa cha mtoto kiko kimo kimoja na majani yaliyolowa. Kwa mjamzito, nikotini hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Kwa anayenyonyesha, hupita katika maziwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inakataza kumwajiri mtu aliye chini ya miaka 18 katika kazi zenye madhara kwa afya yake. Hata pale ambapo mtoto hajaajiriwa bali anawasaidia wazazi, ngozi yake haitambui tofauti hiyo.

Swali moja zahanatini

Msimu wa maotea ni msimu wa mvua, na msimu wa mvua katika mikoa ya magharibi ya Tanzania ni msimu wa malaria. Mama anayefika zahanatini akitapika, kichwa kikimgonga, miguu ikimlegea, hutazamwa kwanza kwa jicho la malaria, na ni haki iwe hivyo. Kipimo cha haraka hakina budi kufanyika. Hatari ni pale kipimo kinapoonyesha hana vimelea, mwili hauna homa, na bado anaandikiwa dawa za malaria na kurudishwa nyumbani akiwa na nguo zilezile zilizoganda utomvu.

Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia aliyechapisha mwaka 1700 kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi, akiwamo mtengenezaji wa tumbaku, aliwahimiza madaktari waongeze swali moja katika yale yaliyozoeleka: mgonjwa anafanya kazi gani? Katika wilaya zinazolima tumbaku, swali hilo linafaa kuulizwa kwa undani.

"Mama, pole sana. Jana ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Nilikuwa shambani, daktari, navunja maotea."

"Majani yalikuwa makavu au yamelowa?"

"Yamelowa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri."

"Na hali hii ilikuanza lini?"

"Usiku, baada ya kula. Nikadhani ni chakula."

Majibu hayo matatu, pamoja na kipimo cha malaria kisicho na vimelea na joto la mwili la kawaida, yanatosha kumfanya mtoa huduma afikirie nikotini. Jambo jingine la kutofautisha ni sumu ya viuatilifu vya jamii ya oganofosfati, ambavyo navyo hutumika mashambani. Mboni zilizosinyaa mno, kifua kinachojaa majimaji na misuli inayochezacheza ni dalili za kumwelekeza mgonjwa kwenye matibabu ya sumu hiyo bila kuchelewa. Mahali penye maabara inayoweza, kotinini, zao la nikotini linalokaa mwilini muda mrefu zaidi, hupimwa katika mkojo au mate.

Tiba kwa wagonjwa wengi ni nyepesi: kuvua nguo zilizolowa, kuoga mwili mzima kwa maji na sabuni, kupumzika, kunywa maji kidogo kidogo, na dawa ya kuzuia kutapika ikibidi. Mgonjwa ambaye mapigo ya moyo yamepungua sana, anayepumua kwa shida, anayepoteza fahamu au aliyepata degedege apelekwe hospitali mara moja.

Kinga inayofuata sheria ya mmea

Anayeijua sheria ya kilele na makwapa anaweza kupanga kazi yake ili ngozi ikutane na jani mara chache zaidi na katika wakati ulio salama zaidi.

Kazi ya kukata vilele na kuvunja maotea isubiri umande ukauke. Saa mbili au tatu za kungoja jua si uvivu. Wakati huo unaweza kutumika kwa shughuli nyingine. Mvua ikinyesha katikati ya kazi, kazi ikome. Ikiwa hapana budi kuingia shambani majani yangali yamelowa, vazi liwe lisilopenyeza maji: koti la mvua, suruali au kitenge cha plastiki kiunoni, viatu vya mpira na glavu za mpira. Glavu za pamba hulowa na kuishikilia nikotini dhidi ya ngozi. Jua likipanda na majani yakikauka, vazi la mvua livuliwe, maana joto nalo huua. Hapo shati la mikono mirefu lililo kavu linatosha.

Maotea yavunjwe yakiwa mafupi. Otea refu limekwisha kula chakula cha jani na kulivunja kunamwaga utomvu mwingi zaidi mkononi. Zipo dawa zinazomiminwa juu ya kidonda cha kilele zikatiririka shinani na kuunguza macho kwapani, na hizo hupunguza idadi ya safari za kuvunja kwa mkono. Lakini nazo ni kemikali. Zitumike kwa kipimo kilichoelekezwa na maofisa ugani, na mtumiaji ajikinge. Baada ya kazi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kunywa au kumshika mtoto, nguo zivuliwe na kufuliwa kando ya nguo za familia. Kunawa peke yake huondoa sehemu kubwa sana ya nikotini iliyobaki kwenye ngozi.

Vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo hugawa mbegu, mbolea na dawa kabla ya msimu, vina nafasi ya kuweka makoti ya mvua na glavu za mpira katika orodha hiyohiyo ya pembejeo. Mkopo wa mbolea hulipwa kwa uzito wa majani. Gharama ya mkulima aliyelala siku mbili akitapika hailipwi na mtu yeyote ila yeye na nyumba yake.

Jioni, mama yule wa Urambo anaporudi kutoka mistari ya tumbaku na kupitia tuta lake la mchicha, mikono yake ingali myeusi kwa gundi. Kabla ya kuchuma vilele vya mboga kwa chakula cha usiku, anahitaji maji, sabuni na dakika chache. Mmea wa mchicha utachipua tena kwapani kesho kutwa, kama sheria yake ilivyo. Mikono iliyouchuma nayo inapaswa kuwa salama siku hiyo.